Fundi anamwaga kaunta Jumamosi: niweke jiko la gesi au la umeme? (Gungu, Kigoma)

mama_zawadi:

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa haraka, ila mniwie radhi, maelezo ni marefu.

Tumejenga hapa Gungu, tukahamia nyumba ikiwa haijaisha (waliojenga wananielewa: unahamia na mlango wa mbele tu, mengine Mungu anajua). Sasa zamu ya jiko imefika. Fundi ameshapandisha kuta za kaunta na Jumamosi anamwaga zege la juu. Anataka aambiwe aache tundu la jiko la ukubwa gani na liwe la nini, gesi au umeme. Akishamwaga, anasema, kukata zege ni bei nyingine na vumbi lake nitalila mwenyewe.

Baba Zawadi alienda Dar mwezi uliopita, kwa kaka yake kakuta jiko la kioo cheusi, halina moto, unagusa kwa kidole linachemsha maji kabla hujageuka. Tangu arudi hatulali. Kila jioni ananitolea picha kwenye simu. Mimi mwenyewe moyo uko kwenye gesi, lakini sina hoja za kumshinda zaidi ya mazoea.

Tuko sita nyumbani, na mama mkwe ndani yake. Tunachokula ni hiki: ugali wa muhogo kila siku ya Mungu, maharage mara tatu kwa wiki, dagaa na migebuka, wali Jumapili. Keki sioki. Chipsi watoto wananunua njiani.

Umeme nimewahi kuutumia. Tulipokuwa tumepanga Mwanga nilikuwa na jiko la pleti mbili, yale ya sahani ya chuma nyeusi. Asubuhi halina shida, chai inaiva vizuri. Njoo saa moja jioni, mtaa mzima umewasha, taa inakuwa kama kibatari. Naweka maji ya ugali, nakaa. Napanga vyombo, narudi, maji yanatoa vile vitone vya chini tu, hayachemki. Siku moja nikachoka nikatia unga hivyo hivyo. Ugali ukatoka mabuja, katikati mweupe kama chokaa, na wageni wameshanawa mikono. Mama mkwe alikula kimya. Mnajua kimya cha mama mkwe.

Gesi nayo ina yake. Natumia mtungi wa kilo 6, nabadilisha kwa 26,000, wiki tatu umeisha. Mwezi wa saba ulikata siku ya kumi na moja. Nikasema hapana. Wa pili yake, kabla sijaufunga, nikaupitisha Kibirizi mwaloni kwa shemeji anayeuza dagaa, tukaupandisha kwenye mzani wake. Kwenye mtungi wameandika ukiwa mtupu ni kilo 7.4, kwa hiyo ukijaa uwe 13.4. Mzani ukasoma 12.2. Kilo na ushee ya hewa, nimelipia! Nilipomrudia muuzaji akaniambia mzani wa dagaa haupimi gesi.

Na ukweli niuseme wote: jiko la mkaa bado liko barazani. Maharage ni ya mkaa, na ugali wa jioni mama anausonga huko huko.

Sasa nisaidieni. Kwa mnaopika chakula chetu hiki, si tambi, tundu liwe la nini?

kapera_wa_bangwe:

Gesi. Nimemaliza.

kapera_wa_bangwe:

Halafu huyo wa mzani wa dagaa 😂😂 Kama haupimi gesi basi dagaa zote tulizokula tangu tuzaliwe tuhesabu upya.

fundi_waya:

Dada, mimi ni fundi umeme, nafanya kazi hapa mjini na Kasulu. Nitajitahidi nisipendelee upande wangu.

Kwanza hilo la pleti ya Mwanga. Halikuwa jiko bovu. Pleti ya watt 1,500 imetengenezwa kwa volti 230. Volti zikishuka mpaka 180, jiko halipungui kidogo kama watu wanavyodhani, linashuka mpaka kama watt 920, maana nguvu inapungua kwa mraba wa volti. Ndiyo maana taa unaiona imefifia tu, ila sufuria imelala kabisa. Sisi tuliokulia enzi za majenereta ya dizeli tunajua umeme mdogo ni nini. Hali si ile tena, lakini kama nyumba yako iko mwisho wa laini, mbali na transfoma, jioni utauona tu. Kabla hujaamua, azima kipimo kwa fundi yeyote, pima kwenye soketi saa moja na nusu usiku, siku tatu mfululizo. Ukikuta 215 na kwenda juu, umeme uko vizuri. Ukikuta 185, hata mume wako akileta jiko la dhahabu.

Pili, bei. Watu wengi wanasema umeme ni ghali bila kupiga hesabu. Nimewapigia:

Kilo moja ya gesi ina joto la karibu uniti 12.8. Mtungi wako wa kilo 6, ukiwa umejaa kweli (pole kwa ule), ni kama uniti 77. Lakini moto wa gesi karibu nusu yake unapita pembeni mwa sufuria kwenda kupasha hewa ya jikoni. Inayoingia kwenye chakula ni kama 38. Gawanya 26,000 kwa 38, kila uniti iliyoingia kwenye chakula umeilipia kama 680. Umeme wa LUKU wa kawaida, elfu kumi unapata uniti 28, yaani 356 moja. Pleti ya chuma inaingiza robo tatu hivi, kwa hiyo 475. Hilo la kioo la induksheni linaingiza kama asilimia 85, unalipa 420. Gesi imeshindwa.

Sasa mtego. Angalia ukinunua umeme wa elfu moja unapata uniti ngapi. Kama ni nane na pointi, uko kwenye ile bei ya matumizi madogo, uniti moja shilingi 122 pamoja na kodi, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Watu sita wakipikia umeme kila siku watavuka 75 hata mwezi haujafika katikati, na kuanzia hapo uniti inapanda zaidi ya mara tatu. Ukiendelea hivyo unahamishiwa bei ya kawaida, na hapo hata taa, friji na pasi vyote vimepanda bei kwa sababu ya ugali. Nimeona watu wanalia na jiko, kumbe jiko halina kosa.

Tatu, waya. Jiko la kioo la macho manne linafika watt 6,000 mpaka 7,000, linavuta karibu ampia 30. Hilo halichomekwi kwenye soketi ya kawaida, na msikubali fundi anayewaambia atachomeka. Linataka waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, milimita 6, swichi yake na breka yake, na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) iliyochimbiwa kweli, sio ile nondo ya kupigia picha. Kama bado hamjapiga plasta jikoni, pitisha bomba la waya sasa hivi hata kama unaweka gesi. Bomba ni hela ndogo. Kuchimba ukuta wenye vigae ni kilio.

Na tundu: majiko mengi ya kuzamisha ya sentimita 60, ya gesi na ya umeme, yanataka tundu la 56 kwa 48 au 49. Yanakaribiana sana. Lakini usimwage zege kwa maneno yangu, kila jiko lina karatasi yake ndani ya boksi. Nunua kwanza, ndipo fundi aache tundu.

mama_zawadi:

Kaka fundi ubarikiwe, hapo kwenye elfu moja nimekimbia kuangalia meseji za LUKU. Uniti nane. Baba Zawadi amesoma akanyamaza.

Kwa hiyo hilo la kioo ndilo linaloitwa induksheni? Kuna mtu kaniambia lina masharti ya sufuria, ni kweli?

binti_ngambo:

Dada yangu, mimi niko Tabora, Ng'ambo. Ninalo hilo, la jicho moja, la kuweka mezani. Ni kweli lina masharti, tena makali kuliko ya mganga.

Chini ya kioo kuna koili inatengeneza sumaku, na sumaku hiyo ndiyo inayopasha kitako cha sufuria. Kioo chenyewe hakitoi moto, kinapata joto la sufuria tu. Sufuria zetu hizi za alumini, zile tunazochezewa ngoma nazo jikoni siku ya harusi, hazishikiki na sumaku, hivyo jiko linalia pii pii halafu linazima. Chungu ndiyo kabisa. Chukua sumaku yoyote, igusishe chini ya sufuria. Ikinata, itapika. Isiponata, hiyo ni ya gesi au mkaa.

Mimi nililazimika kununua sufuria tatu mpya. Kwa wali na mboga silisemi vibaya, linatulia pale pale unapoliambia, maziwa hayamwagiki. Ila ugali napikia gesi. Kioo kinateleza. Unabana sufuria kwa kitambaa, unasukuma mwiko, sufuria inaondoka na wewe mpaka ukutani. Na nina wasiwasi nikigonga mwiko pembeni ya sufuria kama tulivyozoea, kioo kitapasuka.

fundi_waya:

Nyongeza kwa hapo. Induksheni volti zikishuka kidogo inavumilia kuliko pleti, zikishuka sana inajizima na kuandika herufi. Na sio majiko yote ya kioo ni induksheni. Mengine yana koili ya moto wa kawaida chini ya kioo, yanakubali hata alumini mradi kitako kiwe bapa. Kwa macho yanafanana kabisa. Muulize shemeji yako wa Dar ajaribu kuweka sufuria ya alumini.

Na maharage, dada, acha kuyapikia mkaa. Nunua presha kuka ya umeme. Mke wangu alisoma mita kabla na baada, kilo moja ya maharage ya Kasulu yaliyolowekwa usiku: nusu uniti na kidogo. Haifiki shilingi 200 kwa bei ya kawaida. Hiyo inachomekwa soketi ya kawaida na haitaki tundu kwenye kaunta.

mzee_wa_katubuka:

Swali kwa mama Zawadi: huo mtungi utakaa wapi? Nauliza kwa sababu nimeona kaunta nyingi siku hizi, mtungi unafungiwa kabatini chini ya jiko, mlango unabanwa, eti pasafi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenda dirishani, inashuka na kutambaa sakafuni kama maji, inatafuta kona inajaa. Dirisha la juu halisaidii. Kama mnaweka gesi, mwambieni fundi atoboe ukuta wa nje matundu usawa wa sakafu, au bora zaidi mtungi usimame nje kwenye kibanda chenye wavu na mpira wake upite ukutani ndani ya bomba. Kila ukibadilisha mtungi, povu la sabuni kwenye maungio, uangalie mapovu. Usitumie kiberiti kuangalia. Nacheka lakini wapo.

Kuhusu kupunjwa, muuzaji anatakiwa awe na mzani dukani na akupimie ukiomba. Asiye nao, mpite.

bi_mkubwa_ujiji:

Assalaam alaykum. Mjukuu wangu ananiandikia, mimi nasema.

Mwanangu mama Zawadi, nimesomewa yote. Mmezungumza waya, mmezungumza sumaku, shilingi, volti. Hakuna aliyemuuliza mama mkwe wako ana kimo gani.

Ugali wa muhogo sio uji. Unavutika, unataka mtu aushukie kwa mabega. Ndiyo maana tunaupika kwenye jiko la chini, umekaa kigodani, sufuria iko usawa wa magoti, mguu umebana kitambaa, mwiko unakwenda na kurudi na mwili wote. Sasa mnajenga kaunta inafika kiunoni kwa mtu mrefu. Weka juu yake jiko, juu ya jiko sufuria ya watu sita. Mdomo wa sufuria uko kifuani! Utasonga na nini, na vidole? Mwanangu mmoja amejenga Buzebazeba jiko zuri sana, gesi ya macho manne, vigae mpaka juu. Mke wake anachemsha maji juu, halafu anateremsha sufuria sakafuni kwenye kata, anasonga chini, anarudisha juu iive. Siku ikimponyoka na maji ya moto, tutasema gesi mbaya.

Huyo mama hang'ang'anii mkaa kwa ushamba. Anafuata kimo.

Wali nao, mkaa wa kupalia juu ya mfuniko hauna mbadala, hilo nimeshawaachia. Kuleni tu.

kapera_wa_bangwe:

Bi mkubwa umetufunga. Mimi nilikuwa nasonga ugali nimesimama juu ya kreti la soda nikadhani ni ufupi wangu.

binti_ngambo:

Shikamoo bibi. Kumbe ndiyo maana mgongo wangu.

mama_zawadi:

Shikamoo bi mkubwa, na asanteni nyote. Narudisha majibu.

Leo asubuhi nilichomoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, nikazunguka nayo jikoni, Zawadi nyuma yangu anahesabu. Sufuria kumi na moja, hakuna iliyonata. Sufuria kubwa la shughuli, hapana. Ilinata kwenye birika la enameli, kikaango cha chuma cha marehemu baba mkwe, na mlango wa friji. Baba Zawadi akasema basi tutakunywa chai. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Shemeji wa Dar naye kapigiwa simu. Kumbe ugali kwake unapikwa na dada wa kazi, nyuma ya nyumba, kwenye gesi ya chini.

Halafu nikamwita mama, nikamwomba asimame kwenye kaunta, nikaweka matofali mawili ya kuchoma badala ya jiko, na sufuria juu, na mwiko mkononi. Mwiko ulimfika kidevuni. Hakusema kitu, aliugeuza tu mwiko akanipa. Nikachukua futi kamba, nikampima akiwa amesimama ameshika mwiko kama anasonga, anavyojisikia vizuri. Kitako cha sufuria kinatakiwa kiwe sentimita 55 kutoka sakafuni. Kaunta yetu fundi ameiandaa 90.

Kwa hiyo tundu halipo. Kaunta ndefu inabaki 90 ya kukatia na kuoshea, ila mwisho wake upande wa mlango wa nyuma inashuka, kipande cha sentimita 80 kwa urefu, kimo 45, jiko la gesi la mezani la macho mawili litakaa hapo wazi, linafika 55 yake. Watoto wanafika pia, hilo nalijua, kutakuwa na kamlango. Mtungi utakaa nje ya ukuta huo huo na mzee wa Katubuka ameshinda kwenye matundu ya chini. Na nitanunua wa kilo 15, naenda nao dukani kwenye mzani. Presha kuka ya maharage tutaitafuta mwisho wa mwezi, tuone uniti 75 zinatosha au hazitoshi.

Bomba la waya wa milimita 6 linapita ukutani kabla ya plasta, hilo ni la Baba Zawadi. Amesema siku sufuria zikinata atalidai tundu lake. Kipimo cha volti jana saa moja na nusu kilisoma 201, leo 196, kesho tunapima tena.

Mama amekubali gesi ya ugali kwa sharti moja, jiko lake la mkaa lisiondoke barazani mpaka yeye aseme.

Nimemwonyesha fundi mchoro. Ameutazama, ameugeuza, ameniambia kaunta ya ngazi mbili ni kazi mpya, kuna boksi la mbao lingine na nondo zingine, niongeze elfu arobaini. Nimemwambia tundu alilokuwa aliache haliachwi tena, kwa hiyo anipunguzie la tundu. Tumeachana hapo, anarudi kesho na mwenzake.